Vidonge vya Nywele na Shingo ya Dada

Mimi sijui kukaa. Hata sasa ninapoandika haya nimeshainuka mara mbili, mara ya kwanza kuzima jiko, mara ya pili kuhakikisha kweli nimelizima. Dada yangu, aliyenitangulia kuzaliwa, ni mtu wa pole tangu utotoni. Mama akitutuma maji, mimi nilikuwa nafika nyumbani na nusu ndoo kwa sababu ya kukimbia, na yeye anafika baadaye ndoo ikiwa imejaa pomoni. Nayasema haya mapema ili uelewe kwa nini, siku tuliyosomewa karatasi ya maabara kule Bungoma, nilikaribia kucheka mbele ya daktari. Karatasi ilisema tezi ya shingo ya dada inakimbia kupita kiasi. Nikajiuliza, huyu? Huyu anayeweza kuanza kikombe cha chai saa moja akakimaliza saa tatu?

Lakini acha nianze na nywele, maana kosa langu lilianzia hapo.

Nina saluni Kibomet, hapa Kitale, chumba kimoja na vioo vitatu. Dada ameolewa Bungoma, na anashona sare za shule kwenye veranda karibu na soko. Kila Desemba huja kwangu nimfumue nywele na kumsuka upya. Hajawahi kukubali kichwa chake kishikwe na mtu mwingine, na mimi sijawahi kuruhusu. Desemba ile, nilipopitisha kitana, nywele zilitoka nacho. Sizungumzii nyuzi mbili tatu. Nilijaza kiganja, nikamwaga, nikajaza tena. Nyusi zake zilikuwa zimeishia katikati. Sauti ilikuwa imekwaruza, mwili umeongezeka, na alikuwa amevaa sweta mchana wa jua kali. Haya yote niliyaona, nikayaita uzee na uchovu. Nywele peke yake ndizo zilizoniuma. Dada wa msusi awe na kipara, watu wa Kibomet si watanicheka?

Chini ya kioo cha katikati nilikuwa na kabati, na ndani yake mikebe ya vidonge vya biotini, vitamini ya kukuza nywele. Kuna mama aliyekuwa akiniletea kutoka Nairobi. Nilikuwa nimewauzia nusu ya wateja wangu, na mimi mwenyewe nilivimeza kila asubuhi, kwa kuwa nywele zangu za mbele nazo zilikuwa zinaniaga, tena nikiwa msusi. Nilizificha chini ya wigi. Siri hiyo waliijua Mungu na dada. Mkebe ulisema kidonge kimoja kwa siku. Nilimwambia dada ameze vitatu, maana hali yake imezidi. Akauliza kama ni dawa. Nikamjibu dawa gani, hiki ni chakula cha nywele tu, na usiniulize maswali mengi. Akaweka mkebe kwenye mkoba wake.

Mwaka mpya ulipoingia, kola ya blauzi yake mwenyewe, aliyoishona kwa mkono wake, ilikataa kufungika. Kwa kuwa ni fundi, hakubishana na kola. Alijizungushia tepu shingoni akaona imeongezeka. Akaenda kliniki moja ya Bungoma akatolewa damu, na siku ya kuchukua majibu nilifunga saluni nikaenda naye. Nilijua akiachwa peke yake ataitikia kila kitu kwa kichwa kisha arudi nyumbani bila kuuliza hata swali moja.

Daktari aliangalia karatasi, akamwangalia dada, akamshika kifundo cha mkono kwa muda mrefu hadi nikaanza kugongesha kiatu sakafuni. Alituambia kuna jambo linamsumbua. Karatasi inasema tezi inakimbia, lakini moyo wa huyu mama unatembea, tena polepole. Halafu akatueleza kuhusu antibodi. Alisema mwili una askari wake wa kupambana na magonjwa, na kwa watu wengine askari hao hukosea wakaanza kupiga tezi wakidhani ni adui. Antibodi za dada zilikuwa juu sana. Akatuonya tusiitumie namba hiyo kupima makali ya ugonjwa. Inaonyesha tezi inapigwa na nani, lakini haisemi kama leo tezi imechoka au imepandwa na wazimu. Hilo husomwa kwenye homoni, na homoni zilikuwa zinasema inakimbia.

Akaweka kalamu chini.

"Mama, kuna kitu chochote unachotumia? Hata cha kienyeji, hata cha dukani?"

Dada akanigeukia. Nakumbuka vizuri jinsi alivyonigeukia, na jinsi mdomo wangu ulivyowahi.

"Hapana, daktari," nikasema. "Huyu hata dawa ya kichwa hapendi."

Nusu yangu iliamini jibu hilo, maana si nilikuwa nimesema ni chakula? Ile nusu nyingine iliogopa. Niliona nikiutaja mkebe ataniuliza nani anauza, na anauza kwa kibali gani, na mimi ni mama wa saluni tu. Basi niliogopa, na dada akanyamaza kwa sababu mimi nimesema.

Daktari alisita, lakini alikuwa na karatasi na jibu langu tu. Akampa dawa ya kupunguza mwendo wa tezi, kiwango kidogo, arudi baada ya mwezi, na akijisikia vibaya aje mbio. Nilitoka pale nimefurahi ati tumepata dawa.

Wiki zilizofuata zilinitoa jasho. Nilikuwa nikimpigia simu dada asubuhi na jioni, na kila siku alikuwa sawa, lakini hilo neno sawa lilizidi kuchelewa kutoka. Halafu shemeji, mumewe, akanipigia mwenyewe. Alisema mke wake amesinzia kwenye cherehani mguu ukiwa bado kwenye pedali, na kwamba mashati yote ya wiki ile yamewekwa mikono nyuma mbele. Dada yangu, ambaye hajawahi kurudishiwa nguo. Nikaomba nizungumze naye. Nikamwambia ajikaze, dawa zina kawaida ya kuchosha mwanzoni, asiruke hata siku moja.

"Na vidonge vyangu pia usiruke," nikasema.

Hilo neno hadi leo likinijia nikiwa nasuka, huwa naweka kitana chini.

Nilikuwa siwezi kutulia. Natoka saluni hadi barabarani, narudi, nimesahau nilitoka kufanya nini. Nilimchoma mteja mmoja sikio kwa pasi ya nywele. Mwingine nilimsuka mistari saba upande huu na minane upande ule, akalipa kwa heshima, na akirudi kwangu tena nitashangaa.

Jumamosi moja akaja binti anayefanya kazi maabara hapa mjini, anataka rasta ndogo ndogo. Nilipofika nusu ya kichwa niliona nywele zake za pembeni zimekuwa hafifu. Kwa mazoea tu nikainama nikatoa mkebe, nikaanza kumsifia vidonge. Akacheka.

"Aunty, hizo siwezi. Zinaharibu vipimo."

Nikamuuliza vipimo gani. Akasema vya tezi, hasa. Ukimeza nyingi halafu utolewe damu, kuna mashine zinazochanganyikiwa kabisa. Homoni iliyo juu inasomeka chini, iliyo chini inasomeka juu, na tezi iliyolala inaonekana kama inakimbia. Hata antibodi zinaweza kusomwa vibaya. Kwao huwa wanawaambia wagonjwa wasimamishe siku kadhaa kabla ya kuja. Mimi bado nilitaka kushinda, nikamwambia lakini si hiki ni chakula tu cha nywele.

"Mashine haijui ni chakula, aunty."

Vidole vyangu vilisimama kichwani mwake. Niliona mambo yote kwa pamoja, moyo uliotembea polepole, sweta, mikono ya mashati, na mimi nikimjibu daktari. Nikapiga simu kwa dada, haikushikwa. Nikampigia shemeji akasema amelala. Ilikuwa saa tano asubuhi.

Nikamwambia binti naenda Bungoma. Akashika upande wa kichwa uliosukwa, akashika upande uliosimama kama moshi, akauliza atapitaje barabarani hivyo. Alikuwa na haki. Sikuwa nikiuza wigi. Iliyokuwepo mle ndani ilikuwa moja tu, na ilikuwa kichwani kwangu. Basi nikaivua mbele ya wateja watatu waliokuwa kwenye benchi, nikamvisha, nikajifunga leso, nikafunga saluni. Miaka yote hiyo nilikuwa nalificha lile paji langu, na siku lilipotoka nje sikuwa na nafasi ya kuona aibu.

Nilimkuta dada amekaa kwenye kiti sebuleni, uso umevimba, macho madogo, sweta mbili. Juu ya meza ya cherehani kulikuwa na mikebe miwili, wa hospitali na wangu, imepangwa pamoja, vifuniko vimefutwa vumbi. Nilikuwa nimejiandaa kueleza vizuri. Badala yake nililia, nikaeleza nikiwa nalia, nikirudia maneno. Nilimwambia ni mimi. Nilimwambia tezi yake huenda ilikuwa imechoka toka mwanzo, na kwa sababu ya uongo wangu amepewa dawa ya kuichosha zaidi. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Tangu wiki ya kwanza niliona si nzuri," akasema kwa ile sauti iliyokwaruza. "Lakini si wewe ndiye ulisema nimeze."

Hakukasirika. Aki, afadhali angenizaba kofi.

Siku hiyo hiyo shemeji na mimi tulimpeleka kliniki, na safari hii niliweka mkebe mezani kabla daktari hajauliza. Alisoma maandishi madogo ya nyuma. Akauliza vingapi kwa siku, nikasema vitatu. Akaiandika namba hiyo, akaipigia mstari chini, na mstari huo ulinitosha. Alimsikiliza dada moyo, akampima, akaagiza asimamishe vidonge vyangu na dawa aliyompa pia, apumzike, arudi baada ya wiki mbili atolewe damu upya. Nilimuuliza kama nimemuua dada yangu. Akasema hapana, tumewahi, na vidonge vyenyewe si sumu. Ubaya ulikuwa kumficha daktari.

Nilikaa Bungoma zile wiki mbili. Kushona sijui, lakini kufumua najua, kwa hiyo niliketi verandani nikafumua mikono ya mashati yote, moja baada ya nyingine, na dada akiwa amekaa kando yangu anasinzia. Nilikuwa nikimaliza shati namwangalia kama anapumua. Katikati ya kazi hiyo nilimpigia simu kila niliyemuuzia, nikimwambia akienda kupimwa damu amwambie daktari. Wengine walinishukuru. Mmoja alinitukana, nikamwacha amalize.

Majibu mapya yakaja, na safari hii karatasi na mwili vilikubaliana. Homoni ya tezi ilikuwa chini kabisa, na ile ya kutoka kichwani inayoiamrisha tezi ifanye kazi ilikuwa juu, kama mtu anayemwita aliyelala bila kuitikiwa. Antibodi bado zilikuwa juu. Kumbe hizo hazikuwa uongo wa mashine, askari walikuwa wanaipiga kweli, labda kwa miaka. Dada alipewa kidonge cha kuziba pengo la homoni, kimoja kila asubuhi kwa maji matupu, na chai ya maziwa isubiri hadi saa nzima ipite. Kwa yote aliyopitia, hapo kwenye chai ndipo alipoguna.

Akauliza swali, yeye mwenyewe, bila mimi. Alitaka kujua kama atapima antibodi kila mwezi aone kama zinashuka. Daktari alisema hakuna haja, namba hiyo inaweza kubaki juu maisha yake yote na yeye akawa mzima. Watafuata homoni, baada ya wiki kadhaa, na watarekebisha kidonge polepole. Dada akasema polepole anaweza. Nilicheka, mara ya kwanza tangu Januari.

Nilikuwa nimeshasimama, mkoba begani, wakati daktari aliponitazama mimi. Wigi ilikuwa imerudi kichwani, yule binti aliituma ikiwa imeoshwa. Daktari aliangalia vidole vyangu vinavyocheza kwenye ukanda wa mkoba. Alisema ugonjwa huu hupenda kutembea ndani ya familia, hasa kwa wanawake, na si kila mara huanza kwa kulala, wengine huanza kwa kukosa utulivu. Akasema ingefaa nami nipimwe. Akavuta fomu, akachukua kalamu.

"Na wewe mama, kuna kitu chochote unachotumia?"

Nikafungua mdomo, haraka kama kawaida yangu. Dada akaniwekea mkono juu ya mkono wangu, ule mkono wake wa baridi.

"Anatumia," akasema. "Mkebe uko ndani ya huo mkoba. Yeye anameza vinne."

Nikaketi.