Mkasi Nilioukataa Kakuma

Saa mbili na dakika kumi asubuhi, Jumatatu ya kwanza ya likizo ya Agosti, mwaka 2012, mwalimu mkuu wa chuo cha uuguzi Lodwar aliniita ofisini. Aliniambia kwamba Septemba isiponikuta na karo, kiti changu atapewa mwingine. Hakupandisha sauti. Nilikuwa na umri wa miaka arobaini na mitatu, nikimzidi yeye kwa mbali, na nadhani hilo lilimtia haya zaidi kuliko lilivyonitia mimi.

"Mama," akasema, "hakuna aibu kurudi sokoni."

"Soko halihami, mwalimu. Nikilitaka nitalikuta."

Sokoni ndiko nilikotoka. Kwa miaka mingi niliuza mahindi na maharagwe ya Kitale pale Lodwar, na kati ya mteja na mteja nilisoma. Nilinunua vitabu vya biolojia na kemia vilivyochakaa, nikavisoma kwa utaratibu: sura moja mpaka niielewe, ndipo ya pili. Mtihani wa kidato cha nne niliufanya kama mtahiniwa binafsi, chumba kimoja na watoto wa majirani zangu. Kiturkana nilijifunza vivyo hivyo, neno kwa neno, kutoka kwa wanawake walioniletea mkaa na kuondoka na unga. Kwa hiyo sikwenda kuomba huruma. Nilitafuta kazi ya msaidizi wa muuguzi, nayo niliiweza: kufunga vidonda, kupima joto, kuogesha wagonjwa, kuchemsha vyombo.

Nilianza papo hapo mjini. Muuguzi mmoja msimamizi alinitazama akacheka.

"Nitakutumaje wewe? Nikisema lete beseni, nitaona namtuma mamangu."

"Kwani mamako hawezi kubeba beseni?"

Alizidi kucheka, lakini kazi hakunipa.

Nikaenda Kakuma. Watu husema kule kazi za afya hazikosi kwa sababu ya kambi ya wakimbizi. Kwenye ofisi moja palikuwa na foleni ndefu juani, na karani mwenyeji aliyekuwa akiwauliza watu maswali dirishani.

"Ejok, mama. Unatoka wapi?"

"Ejok. Natoka Lodwar."

"Kwenu kabisa, nauliza."

"Bungoma."

"Aa. Wewe ni wa Kenya."

Kwa wenyeji wa huku, Kenya huanzia Kitale kwenda chini.

"Na hapa ni wapi?" nikamuuliza.

"Hapa ni Turkana. Kazi za kambini ni za wenyeji na wakimbizi. Watu wa Kenya wana Kenya yao."

Foleni ikacheka. Sikumkasirikia, maana ofisi za Lodwar zilijaa watu wa kwetu, na vijana wa kwao walikuwa wamekaa nje ya ofisi hizo miaka yote. Lakini sikuondoka kimya. Nilimwambia kwa Kiturkana kwamba nimekula vumbi la huku miaka kumi na minne, na vumbi halijawahi kuniuliza kwetu ni wapi. Foleni ikacheka tena, safari hii upande wangu. Dirisha likafungwa hata hivyo.

Kazi niliipata jioni hiyo hiyo, katika kliniki ya mabati karibu na yanaposimama mabasi ya Lokichoggio. Mwenyewe alikuwa tabibu kutoka Kisii, ambaye mji mzima ulimwita daktari. Msaidizi wake alikuwa ameondoka ghafla. Aliniuliza swali moja tu, kama najua Kiturkana, kisha akanionyesha ndoo ya kuloweka vyombo. Angenilipa mwisho wa mwezi kwa siku nilizofanya.

Alikuwa tabibu hodari, hilo siwezi kumnyima. Mikono yake ilikuwa safi na myepesi. Alimhudumia mama wa Kisudani kutoka kambini, dereva wa lori na mchungaji wa mbuzi kwa kasi ile ile, na niliyojifunza kwake kuhusu vidonda sikuyakuta katika kitabu chochote. Haraka ndiyo iliyompatia riziki. Kliniki nyingine ilikuwa ng'ambo ya barabara, na mgonjwa aliyechoka kungoja alivuka tu.

Katika wiki ya tatu aliletwa mke kijana wa mfugaji mmoja wa nje ya mji. Alikuwa na jipu kubwa chini ya taya, na shanga zake zilipangana kutoka mabegani hadi kidevuni, zimelifunika nusu.

"Kata hizo shanga," daktari akasema, akanipa mkasi.

Nilimweleza mgonjwa kilichosemwa. Akazishika shanga zake kwa mikono miwili.

"Mume wangu hajafa," akasema.

Mwanamke aliyeolewa huvua shanga hizo anapofiwa na mume. Akirudi nyumbani na shingo tupu, amewapelekea watu wake msiba usiokuwapo. Nikamwambia daktari.

"Jipu hili likipasukia ndani atakufa yeye," akajibu. "Shanga zitamfaa nini?"

Kuhusu jipu alisema kweli, na nilijua.

"Tupe muda kidogo, daktari. Mkwewe yuko nje."

"Nje kuna foleni. Kata."

"Sikati."

"Mama, wewe hapa ni mwanafunzi."

"Mwanafunzi, ndiyo. Si mkasi."

Niliuweka juu ya sinia, nikatoka. Mama mkwe alikuwa kivulini mwa ukuta akitafuna tumbaku. Nilipomaliza kumweleza alitema mate, akainuka.

"Mnataka kumuua mwanangu kwa mkasi?"

Aliingia, akaomba mafuta ya kujipaka, akampaka mkwewe shingoni na masikioni. Kisha akaanza kuzivuta zile za juu, uzi mmoja mmoja, kuzipitisha kichwani. Kila uliotoka aliuvaa yeye papo hapo. Hakuna hata mmoja uliolazwa mezani.

"Zikae shingoni," alinieleza, "zisilale chini kama za mfiwa."

Ilichukua muda, na nje niliwasikia wengine wakiondoka. Chini ya taya palipokuwa wazi, daktari alilipasua jipu vizuri ajabu, nami nikashika beseni. Akamtania bibi, aliyekuwa amejaa shanga hadi masikioni:

"Bibi, sasa wewe ndiye bibi harusi?"

Nilipotafsiri, bibi hakusita. "Mwambie alete ngamia kwanza."

Sote wanne tulicheka. Nilidhani yamekwisha.

Jioni daktari aliniita. Alikuwa mtulivu.

"Leo wagonjwa wengi wamevuka barabara. Kliniki moja haina madaktari wawili. Kesho utaomba msamaha mbele ya foleni, kisha tuendelee."

"Kwa kosa gani? Jipu limepasuliwa, na mume yu hai."

"Kwa kukataa amri."

"Hilo nililifanya. Ukiniamuru tena kesho, nitalifanya tena."

"Basi nenda. Na anayeacha kazi kabla ya mwezi kwisha hana mshahara."

"Sijaacha. Umenifukuza."

"Ni kitu kimoja."

"Si kitu kimoja, daktari, na wewe unajua."

Septemba kiti changu alipewa mwingine. Mwalimu mkuu alitimiza neno lake, na sikumlilia.

Oktoba nilikwenda kuomba kazi katika nyumba ndogo ya uzazi pale Lodwar. Mkunga mwenye nyumba hiyo aliniuliza kwa nini nilitoka Kakuma. Nikamwambia nilifukuzwa kwa kukataa amri, nikamweleza ni amri gani.

"Na hapa utakataa?"

"Ikiwa ni ile, ndiyo."

Akaniuliza kama nimekuja na viatu vya kufunga, maana sakafu huteleza.

Kwa mshahara wa pale nilirudi chuoni Januari 2013, nikaanza na darasa lililonifuata. Yule daktari wa Kakuma nilimpigia simu mara tatu kudai changu, na mara zote alikata. Nilifanya kwake siku kumi na saba, kwa shilingi mia tatu na hamsini kila siku. Nilipoteza shilingi elfu tano, mia tisa na hamsini.