Ini la Baba Najwa

Safiyo wa mtaa wa Section 58, fundi wa kushona madira, hakuwa mtu wa kuweka jambo moyoni. Ukikosea, atakuambia papo hapo, tena mbele ya wageni. Kwa hiyo alipomnyamazia mumewe siku tisa nzima, lilikuwa limemfika shingoni.

Mumewe ni Harun, dereva wa lori la mbao za Elburgon, mtu wa kitambi na wa safu ya mbele msikitini. Alipimwa kliniki, akarudi akisema ini lake limeingia mafuta, akaiacha karatasi ya majibu juu ya meza. Safiyo akaisoma kwa Kiingereza chake cha kuokoteza sokoni. Mstari mmoja uliishia na "non", uliofuata ukaanza na "alcoholic". La kwanza lilimpita. La pili alilijua vizuri mno.

Pombe! Miaka thelathini na mmoja ya ndoa, kumbe Elburgon hafuati mbao tu! Kikulacho ki nguoni mwako, akajiambia, akaanza kuinusa kanzu ya mumewe kila jioni. Mimi simlaumu sana. Aliumia, maskini, kila alipomwona Harun akitandika mswala.

Siku ya kumi alimsindikiza kliniki, akamwekea muuguzi Wawira karatasi mbele ya macho.

"Sister, niambie ukweli. Huyu mzee anakunywa?"

"Zii, mathe, hanywi! Hiyo non inasema huu ugonjwa si wa pombe. Fomu yetu ni ya zamani tu. Hilo jina lilikuwa linaaibisha watu bure, madaktari wakalibadilisha. Siku hizi neno pombe halimo. Jina jipya linasema ni mafuta ya ini yanayokuja na uzito, sukari, pressure. Mzee apunguze soda na chipsi, atembee."

Safiyo akacheka huku machozi yakimtoka. Harun hakucheka. Mume gani asiyejua kwamba mkewe anamnusa?

"Ugonjwa wameubadilisha jina," alisema polepole. "Na lile jina la mlevi uliloniita rohoni mwako, Mama Najwa, utalibadilisha lini?"

Safiyo akamshika mumewe mkono mbele za watu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani.

"Leo," akasema. "Nisamehe, Baba Najwa."