Mfuko wa Mkwe

Mtunza kitalu cha miti ya msituni hunawa mikono mara mbili kabla ya kumwamkia mama mkwe wake, na bado mjane huyo humwambia, "Nawa tena, baba." Atauweka wapi uso wake, mkwe akipita barabarani na mfuko wa mavi ya tembo? Humo huchambua polepole mbegu ngumu, maana zile za kuokotwa chini ya mti ziligoma kuota miaka mitatu. Leo bwana misitu alikuja kukifunga kitalu, mama mkwe akishuhudia. Mkwe akafunua nyasi zilizokifunika kitalu: miche mia mbili, imesimama wima!

"Nani kakufundisha?"

"Tembo, mzee."

Bwana misitu akavua kofia. Mkwe alipoelekea bombani, mama mkwe akamzuia. "Acha, baba." Akautwaa mfuko mwenyewe, akapita nao barabara kuu, akiwaamkia wote.