Mstari wa Mwalimu Jerusa

Mwalimu Jerusa alikuwa na imani moja ambayo hakuna aliyeweza kumwondolea: mtoto haelewi jambo mpaka alisimamie kwa miguu yake mwenyewe. Kwa hiyo, mwaka wa tisini na sita, siku ya kufundisha darasa la pili kupanga maneno kwa alfabeti ilipofika, hakuandika kitu ubaoni. Aliwatoa watoto nje, kwenye nyasi zilizopakana na chai, akawaambia wajipange kwa majina yao, A mbele, Z nyuma.

Ikawa balaa. Shule ile ya karibu na Litein ilijaa watoto wa Kikipsigis, na majina yao karibu yote huanza vilevile, Kip kwa mvulana, Chep kwa msichana. Wasichana wakajazana kwenye C, wavulana kwenye K, wakisukumana kama ndama mlangoni. Quinter, binti wa mfanyakazi wa kiwanda cha chai, akabaki peke yake huko nyuma akinyonya kidole.

Jerusa akapata dawa, na alijipongeza kabisa. Aliwaambia wavue Kip na Chep kama wanavyovua sweta jua likiwaka. Kiptanui akawa Tanui, Chepchirchir akawa Chirchir, na mstari ukanyooka. Watoto walifurahi mno, wakaenda nyumbani wakiitana hivyo njia nzima.

Hapo ndipo alipojiponza. Jerusa alikuwa mtu wa ziwani, wa kabila jingine, mke wa Joab wa kiwandani, na miaka yote aliyokaa huku hakujua kwamba jina lililovuliwa Kip si la mtoto tena. Linamngoja mwanawe: mtoto wa Kiplangat akishatoka jandoni ndiye huitwa arap Langat, yaani mwana wa Langat. Mwalimu wetu alikuwa amewapa wavulana ambao hawajang'oka meno ya utoto majina ya watu wazima ambao bado hawajazaliwa. Tena Kiplangat na Cheplangat, walioketi dawati moja, wote walikuwa sasa Langat, na mama yake Cheplangat alitangaza sokoni kwamba binti yake amegeuzwa mwanamume.

Maneno yakavuma. Jerusa hakuwa mwalimu wa serikali. Kamati ya wazazi ndiyo iliyomwajiri, na ndiyo ingemfukuza. Na miaka ile ya mapigano ya kikabila, tusidanganyane, mtu wa ziwani akisikia wenyeji wananong'ona, alianza kufikiria atafungasha nini kwanza. Joab alimsihi aombe msamaha na aachane na majina ya watu. Jerusa aliogopa sana, kwa sababu alilipenda darasa lile kuliko alivyowahi kumwambia yeyote.

Jumatatu akaja Mzee Alfayo arap Koskei, babu yake Kiplangat na mwenyekiti wa kamati. Aliwakuta kwenye nyasi. Jerusa akaomba msamaha kabla hajaulizwa. Mzee akamwonyesha mjukuu wake kwa fimbo, akasema polepole:

"Mwalimu, hiyo Kip huwezi toa. Hiyo jina imebeba saa. Huyu kijana alizaliwa jioni, ndio maana ni Kiplangat."

Jerusa alishtuka, maana hata kwao mtoto hupewa jina la saa aliyozaliwa. Akajikaza, akamwomba mzee awapange watoto kwa saa zao.

Mzee alidhani anataniwa. Alipoona sivyo, akalaza fimbo yake chini na kuanza kazi. Chelimo akawekwa mbele, kwa kuwa alizaliwa ng'ombe wakienda malishoni. Akafuata Kibet wa mchana, na Kiprotich wa ng'ombe kurudi. Kipkemoi wa usiku akapelekwa mwisho. Chepchirchir, ambaye jina lake linasema tu kwamba alizaliwa haraka, akaruhusiwa kuingia popote, naye akakimbilia mbele.

Kiplangat na Cheplangat wakaanza kusukumana, maana wote ni wa jioni. Mzee akawakemea: wakiwa wa jioni moja, watazame ndani ya hiyo jioni. Kiplangat alizaliwa jua likizama. Cheplangat alijua kwamba yeye alizaliwa taa ikiwashwa. Basi wakapangana bila ugomvi. Jerusa karibu apige makofi. Kumbe wenye Kip hawakuwa na haja ya kuvua chochote. Walitakiwa tu kutazama ndani zaidi ya jina, kupita ile Kip, herufi moja baada ya nyingine.

Quinter alikuwa bado pembeni. Mzee akauliza kama huyu hana saa. Mtoto akajibu kwa sauti ndogo kwamba nyumbani anaitwa Akinyi.

"Akinyi ni wa asubuhi," Jerusa akaeleza.

Mzee akamshika mkono Quinter, akamsimamisha kando ya Chelimo. Kisha akamgeukia mwalimu.

"Na wewe?"

"Atieno. Mimi ni wa usiku."

"Basi simama huko mwisho, nyuma ya Kipkemoi," mzee akasema. "Lazima mtu afunge boma."

Akaokota fimbo yake akaenda zake, na habari ya kufukuzwa haikutajwa tena. Jerusa akaenda kusimama nyuma ya Kipkemoi, machozi yakimlengalenga. Akawaambia watoto wajipange upya, sasa kwa herufi, na kila mtu abaki na jina lake lote.