Sahani ya Fidia

Mume wangu alikuwa kijana bado, mkata mkonge, na kifua kikuu kilikuwa kinammaliza. Enzi hizo za Mwingereza, pale Korogwe, daktari hakuwa na dawa ya kumpa. Alisema tu ale vizuri. Ale nini, jamani? Posho ya unga wa shamba?

Ramadhani ikaingia, naye akashikilia kufunga. "Nikimwacha Mungu sasa, ataniponya nani?" Anasema hivyo huku anatema damu kwenye kopo. Nikaenda kwa mwalimu wa madrasa, nikamwamkia, nikamsihi. Akaja mpaka kambini kwetu.

"Wewe usifunge," akamwambia. "Mgonjwa asiyetarajiwa kupona hulisha maskini mmoja kila siku. Ndiyo fidia yake."

Nilifurahi, mjinga mimi, nikadhani sasa atakula. Jioni hiyohiyo akamwita mzee mmoja wa kambini, aliyekatwa mkono na mashine ya mkonge, akamsogezea sahani yake. Ugali wote na kisamvu chote. Yeye akanywa uji mwepesi.

"Wee! Maskini si ndio sisi?" nikapiga kelele.

"Polepole, mke wangu, mzee anasikia. Nisifunge, nisilishe, nitamwendea Mungu na nini?"

Ikawa hivyo kila magharibi. Nikimpa sahani yangu anakataa, eti mimi nimeshinda na njaa, nile. Nilimbembeleza, nikamgombeza, nikalia. Moyoni nilimtukana hata Mungu, astaghfirullah, lakini nilimtukana. Mume wangu akabaki mifupa.

Idi haikumkuta. Alikata roho asubuhi, jua limeshatoka, tukamzika alasiri. Yule mzee alikuwepo, akatupia udongo kwa mkono wake mmoja. Magharibi nikamwona amekaa palepale mlangoni alipozoea kulia.

Nilinyanyuka nimfukuze. Kisha nikakumbuka kwamba alfajiri, saumu inapoanza, mume wangu alikuwa hai, na siku hiyo alikuwa hajailipia. Majirani wakanizuia, nyumba ya msiba haiwashwi moto. Nikawasukuma, nikasonga ugali, nikaujaza kwenye sahani ileile.

Nikakaa mbele ya mzee namtazama anavyotafuna. Nilimchukia. Na kila tonge alilomeza nilisema moyoni: pokea, ya Rabi, pokea, hiki ni chakula cha mume wangu.