Joho Langu Jeusi Lilivyonifikisha Kichiwa

Wenzangu, nichekeni taratibu. Nilirudi kutoka Uingereza na shahada ya sheria, nikakosa kazi ya uwakili. Serikali ilinipa ukarani, nikaukataa. Mjomba akanishauri nifundishe shule, nikanuna. Nikaamua kujitegemea.

Jumamosi iliyopita nilishuka lori Makambako, nikavaa joho langu jeusi na vitambaa vyeupe vya shingoni ili wateja wanione. Mara wazee wawili wakanijia, kofia mkononi.

“Karibu, baba. Tumekusubiri sana.”

“Nimekuja kuwatetea,” nikasema.

“Amina,” wakajibu.

Nikajua sifa zangu zimenitangulia. Wakanipeleka kijijini kwao Kichiwa, wakanitengea kuku mzima, nikamshambulia papo hapo. Tulipotoka mezani wakaniingiza kanisani. Mbele walisimama bibi na bwana harusi.

“Wafungishe ndoa, mchungaji,” mzee mmoja akasema.

Nikashika vitambaa vyangu vya shingoni. “Mzee, mimi ni mwanasheria.”

Mzee akashusha pumzi ndefu, nami nikashusha yangu.

“Afadhali, mwanangu,” akasema. “Ulivyomla yule kuku bila kusali, tulikuwa tunajiuliza tumeletewa mchungaji gani.”