Abdulkarimu na Spika Zake

Ukimuuliza mtu wa Ruponda nyumba ya Abdulkarimu iko wapi, atakwambia fuata sauti. Bwana huyu ana spika mbili kubwa, jenereta inayokohoa kama mzee aliyepigwa na baridi, kipaza sauti kilichofungwa utepe mweusi shingoni, na guta la magurudumu matatu la kubebea vyote hivyo. Harusi, jando na misiba ya huku kwetu, kutoka Mnero mpaka kuingia Ruangwa, imepita kwenye spika zile. Mwenyewe ni mtu mpole, mwenye kitambi kidogo na sauti ndogo kabisa. Mkewe Mwanamvua husema Mungu alimnyima sauti, kisha akamwonea huruma akampa spika.

Zamani alikuwa mtu wa chama, tena wa damu. Fulana ya chama aliivaa shambani na sokoni, bendera ilipepea juu ya bati lake, na ukikisema vibaya chama chake aliweza kuacha ugali ukapoa. Kila uchaguzi spika zake zilikwenda mkutanoni. Msemaji alikuwa Hemedy, rafiki yake tangu walipoingia jando pamoja wakalala mkeka mmoja porini. Hemedy alijaliwa ulimi. Yeye akiongea, Abdulkarimu akiwasha. Watu wakawaita mdomo na koo.

Mwaka mmoja wa uchaguzi, chama cha pili kilimsimamisha Hajra agombee udiwani. Hajra ni mjane, mkulima wa ufuta, mwanamke wa maneno machache. Mumewe Kaimu aliuawa na tembo kule Kilimarondo alikokuwa akilima mahindi. Abdulkarimu alikuwa miongoni mwa wanaume waliokwenda kuuleta mwili, na guta lake ndilo lililombeba. Shuka halikutosha, akavua shati lake akamfunika marehemu uso, akaendesha kifua wazi mpaka nyumbani. Habari hiyo hakupenda kuisimulia.

Basi ikafika siku ya mkutano, pale uwanjani karibu na soko. Hemedy akaanza na barabara, akaja zahanati, akaja bei ya korosho. Watu wakawa wanapiga miayo. Ndipo alipobadili sauti.

"Huyo mama anataka tumpe kata," alisema. "Muulizeni kwanza, yule tembo wa Kilimarondo alitumwa na nani? Aliyemmaliza mume, kata ataiacha?"

Watu wakacheka. Abdulkarimu aliyasikia maneno yale yakitoka kwenye spika zake, yakagonga ukuta wa maduka ng'ambo, yakarudi. Nyumba ya Hajra haikuwa mbali. Mama mzazi wa Kaimu alikuwa akiishi humo na mkwewe, na saa hizo za alasiri huketi barazani akichambua kunde.

Akainama, akachomoa waya.

Hemedy akagonga kipaza sauti kwa kidole. "Karimu, jenereta imezima?"

"Jenereta nzima. Nimechomoa waya."

"Chomeka basi, watu wanasubiri."

"Sema mengine, nitachomeka. Hilo la tembo halipiti kwenye spika zangu."

Hemedy alitabasamu, akidhani ni utani. Alipomwona mwenzake amesimama na waya mkononi, tabasamu likamtoka. "Unaniaibisha mbele ya watu, ndugu yangu. Wewe wa kwetu au wa kwao?"

"Mimi ndiye niliyembeba Kaimu," Abdulkarimu alisema. Akapakia spika zake kwenye guta mbele ya uwanja mzima, akaondoka.

Nyumbani habari zilikuwa zimemtangulia. Mwanamvua alikuwa jikoni, akakoroga mboga yake bila kugeuka.

"Baba Saada, nasikia umehama chama."

"Sijahama. Nimetoka tu."

"Umetoka ukaenda wapi?"

"Nyumbani."

Mwanamvua akamtazama sasa, akaona jinsi alivyochoka. Akampakulia chakula kabla ya saa ya chakula. "Basi hiyo fulana nipe nidekie."

"Ngoja kwanza, bado nzima."

Bendera aliishusha siku ileile, fulana akaendelea kuivaa nje ndani wakati wa kupuliza dawa mikorosho, kwa sababu nguo ni nguo.

Haukupita muda, watu wa chama cha pili wakaja na skafu na kofia. Aliyewaongoza ni kijana wa Nachingwea mjini, Gaudens, mwenye simu mbili na maneno ya Dar.

"Mzee wangu, umeupiga mwingi," alisema. "Kesho unapanda jukwaani, tunakukabidhi kadi, picha zinaruka mtandaoni. Wewe ni shujaa wetu."

Abdulkarimu alimkaribisha maji, akasubiri anywe. "Mwanangu, mimi sikuzima spika ili nije kwenu. Kwenu nako kuna wenye ndimi."

"Sasa mzee, itikadi yako ni ipi?"

"Hilo neno kwa Kimwera silijui. Najua kwamba nisingependa mtu amseme hivyo Mwanamvua. Mimi huanzia hapo. Na kesho kwa Mungu nitaulizwa mdomo wangu ulisema nini, sitaweza kumsukumia katibu wa chama. Spika hizi ndizo mdomo wangu."

Gaudens akaaga na kofia zake. Wa upande huu wakamwita msaliti, wa upande ule wakamwita mwoga, na yeye akaendelea kutangaza misiba ya wote. Kilichomuuma ni Hemedy. Walikutana msikitini wakatoa salamu kwa midomo, mikono ikabaki chini. Mara mbili Mwanamvua alimkuta mumewe ameketi karibu na jenereta, bisibisi mkononi, hatengenezi chochote.

Uchaguzi ukapita, Hajra akashinda. Akaomba spika kwa ajili ya kuwashukuru watu, na Abdulkarimu akakubali kwa sharti moja: asitukanwe mtu. Mambo yalikwenda vizuri mpaka vijana walipokinyakua kipaza sauti na kuanza kuimba kwamba Hemedy amebaki na mdomo mtupu, na mengine ya nguoni yasiyofaa kurudiwa. Mkono wa Abdulkarimu ukaanza kushuka kuelekea kwenye waya. Hajra akauona. Akasimama, akamnyang'anya kijana kile kipaza.

"Nyamazeni," alisema. "Hemedy alinisema vibaya, na mimi nimesikia kama mlivyosikia. Lakini siku Kaimu anazikwa, aliyeshuka kaburini kuchimba mpaka mwisho ni yeye. Nani kati yenu alikuwepo?"

Spika zilikuwa zimewashwa vizuri siku hiyo, na maneno yalifika mbali.

Kesho yake asubuhi Hemedy alikuja. Alisimama uani kama mgeni mpaka Mwanamvua alipomtandikia mkeka. Akaletewa muhogo wa kuchemsha na chai, akala kipande kizima.

"Nimesikia jana," alisema hatimaye.

"Hata mimi nilikuwepo," alijibu Abdulkarimu.

"Nataka kwenda kwa Hajra. Na kwa yule bibi. Nisindikize."

"Mpaka mlangoni nitakufikisha. Ndani utaingia na mdomo wako mwenyewe."

Wakaenda. Abdulkarimu alingoja nje chini ya ukuta. Nini kilisemwa ndani hakujua, wala hakuuliza. Alimwona tu mwenzake akitoka macho mekundu, amebeba kunde kwenye kapu dogo, zawadi ya bibi.

Hemedy yumo chamani mpaka leo, na bado anaongea. Abdulkarimu hana kadi ya mtu. Wakija wa chama chochote kuomba spika, huwauliza, "Mtamsema nani?" Wakisita, huwaambia jenereta inaumwa.

Juzi walialikwa Ruangwa kwenye jando la wajukuu wa Tunu, dada yake Hemedy. Waliondoka kumekucha, Abdulkarimu kwenye usukani, Hemedy nyuma amezikumbatia spika zisianguke, wakibishana njia nzima ni nani kati yao aliyelia sana porini siku ile ya jando lao.